Kushika na kuachia: jinsi DNA inavyofichua ugonjwa ndani ya pingili ya muhogo

Mvua za kwanza zikikaribia, barabara za Nyakitonto hujaa baiskeli zilizobeba mizigo ya pingili za mihogo. Mmoja kapewa na shemeji yake wa kijiji cha pili. Mwingine kanunua Kasulu mjini. Mwingine kakata kwenye shamba lake la mwaka jana. Pingili zote ni nzima kwa macho. Ukikwaruza ganda, ndani ni kijani na utomvu unatoka. Zinapandwa.

Baada ya mwaka mmoja mama anang'oa shina, anakata muhogo, na ndani anakuta mabaka ya kahawia, makavu kama gome la mti. Haufai kwa ugali wala haufai kupeleka sokoni. Msimu mzima umepotea. Na mara nyingi ugonjwa huo haukuja baadaye. Ulikuwa tayari ndani ya pingili siku ile ilipofungwa kwenye baiskeli.

Hapo ndipo msikilizaji anapouliza: je, hakuna kipimo cha kuiona pingili kwa ndani kabla sijaipanda? Kipimo kipo, na kinaitwa kipimo cha vinasaba, yaani DNA. Wengi tumelisikia neno hilo redioni, hasa kwenye habari za kesi za watoto na baba zao. Leo tueleze kipimo hicho kinavyofanya kazi kwenye muhogo, kwa nini bado hakijafika dukani, na jambo jipya ambalo wanasayansi wanalihangaikia: namna ya kuifanya DNA inate kwenye karatasi nyembamba kuliko kitu chochote unachokijua, kisha iachie pale tu inapotakiwa kuachia.

Magonjwa mawili, virusi vya aina mbili

Mihogo yetu ina maadui wawili wakubwa wa aina ya virusi.

Wa kwanza ni batobato. Majani yanajikunja, yanakuwa madogo, na yana mabaka ya njano na kijani. Ugonjwa huu uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Miaka ya 1990 aina kali ya batobato iliangamiza mihogo ya Uganda, kisha ikasambaa kwenye nchi za Maziwa Makuu.

Wa pili ni michirizi kahawia. Huyu ni mjanja zaidi. Majani ya chini yanaweza kuwa na njano kidogo pembeni ya mishipa, shina linaweza kuwa na michirizi, au mmea usioneshe kitu chochote mpaka siku ya kuvuna. Ulielezwa na mtafiti H. H. Storey wa kituo cha Amani, milima ya Usambara, mwaka 1936. Kwa miaka mingi ulijulikana kama ugonjwa wa pwani. Kuanzia mwaka 2004 ukaonekana kwa wingi Uganda, kwenye nchi za juu, na mwaka 2011 ukaripotiwa Burundi, ng'ambo tu ya mpaka wetu.

Magonjwa yote mawili yanabebwa na inzi weupe, wale wadudu wadogo wanaoruka ukitikisa jani. Lakini inzi mweupe hawezi kuuvusha ugonjwa kutoka mkoa hadi mkoa kwa haraka kama lori au baiskeli yenye pingili. Kwa hiyo swali la "pingili hii ina nini ndani?" ndilo swali lenyewe.

DNA ni uzi wenye herufi nne

Kila kiumbe kina maandishi yake ndani ya chembe zake. Muhogo unayo, wewe unayo, hata kirusi kinayo. Maandishi hayo yako kwenye uzi mwembamba uitwao DNA, na yana herufi nne tu: A, T, G na C. Mpangilio wa herufi hizo ndio unaotofautisha muhogo na mahindi, na kirusi cha batobato na kirusi kingine.

Kwa kawaida nyuzi mbili hukaa pamoja zimesokotwa kama kamba. Zinashikana kama zipu: A hushikana na T, na G hushikana na C. Ukijua upande mmoja, unaujua upande wa pili. Vipimo vingi vya DNA vinategemea jambo hilo. Wataalamu wakitengeneza maabara kipande kifupi cha uzi kinacholingana na kirusi, kipande hicho kitamtafuta mwenzake na kushikana naye. Tukiite uzi wa kutafutia.

Kirusi cha batobato kinabeba maandishi yake kwenye pete mbili ndogo za uzi mmoja wa DNA, kila pete ikiwa na herufi 2,700 hadi 2,800 hivi. Maandishi ya muhogo wenyewe yana mamia ya milioni ya herufi. Kumtafuta kirusi ndani ya jani la muhogo ni kama kutafuta ukurasa mmoja kwenye chumba kilichojaa vitabu. Michirizi kahawia nayo ina maandishi ya aina nyingine iitwayo RNA, ndugu wa karibu wa DNA. Vipimo vingi huanza kwa kuinakili RNA hiyo iwe DNA, ndipo isomwe.

Kukamata, kuosha, kuachia

Ukiponda kisamvu kwenye kinu unapata uji wa kijani unaoteleza. Ndani yake mna DNA, lakini pia mna wanga, protini, na kemikali za mmea zinazozuia kipimo kufanya kazi. Ukiupima uji huo ulivyo, kipimo kinaweza kusema "hakuna kirusi" kumbe kipo. Lazima DNA itolewe humo ikiwa safi.

Maabara nyingi hutumia njia iliyotangazwa na wataalamu wa Uholanzi mwaka 1990. Wanachukua silika, kitu kile kile kilichomo kwenye mchanga na kioo. Ukiweka chumvi maalumu nyingi kwenye uji wa majani, DNA hunata kwenye silika. Kisha unaiosha silika, uchafu unaondoka, DNA inabaki imenata. Mwisho unaweka maji yasiyo na chumvi nyingi, na DNA inaachia na kuingia kwenye maji hayo, safi.

Tazama hatua hizo tatu: kukamata, kuosha, kuachia. Zikikosa kunata, DNA inatoka na maji machafu. Zikinata bila kuachia, DNA inabaki kwenye silika na hakuna mtu atakayeisoma. Kazi yote iko kwenye kushika kwa wakati wake na kuachia kwa wakati wake.

Ilishawahi kufanyika shambani, chini ya mti

Vipimo hivi kwa kawaida hufanyika maabara, kama ile ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, kituo cha Mikocheni, Dar es Salaam. Sampuli ya jani ikitoka Kibondo mpaka Dar es Salaam, siku zinapita, na mvua haimsubiri mtu.

Ndiyo maana kundi la watafiti wa Tanzania, Uganda, Kenya na nchi nyingine walijaribu kuipeleka maabara shambani. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 2019. Walikwenda kwenye mashamba matatu ya wakulima wadogo, moja katika kila nchi kati ya hizo tatu, wakiwa na vifaa vidogo vinavyotumia betri. Kifaa kimoja kilisafisha DNA kwa kutumia vimeng'enya na joto. Kingine kiliisoma DNA herufi kwa herufi. Hawakuhitaji umeme wa gridi wala intaneti. Tangu walipofika shambani mpaka kupata majibu ya awali, hazikufika saa 3. Virusi vya batobato vilipatikana kwenye majani, mashina, mizizi, hata kwenye wadudu.

Kwa hiyo jambo linawezekana. Shida ni kwamba vifaa hivyo ni ghali na vinahitaji mtu aliyefunzwa. Mkulima wa pingili mia tatu hawezi kuviita kila msimu. Wanasayansi wanatafuta kitu rahisi zaidi: tone la utomvu, dakika chache, na alama inayoonekana. Hapo ndipo ile karatasi nyembamba inapoingia.

Karatasi inayotokana na kinywe

Tanzania ina madini ya kinywe kwa wingi, kule Mahenge mkoani Morogoro na Ruangwa mkoani Lindi. Kinywe ndicho kilichomo kwenye penseli. Ukiandika kwa penseli, unachofanya ni kumenya kinywe tabaka kwa tabaka na kuliacha tabaka hilo kwenye karatasi.

Kinywe ni rundo la karatasi nyembamba sana za kaboni zilizolaliana. Kipande chenye unene wa milimita 1 kina karatasi kama milioni 3. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov, wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walifanikiwa kuitenga karatasi moja peke yake, kwa kumenya kinywe na utepe wa gundi. Mwaka 2010 wakapewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia. Karatasi hiyo inaitwa grafini. Unene wake ni atomu moja. Ina urefu na upana, lakini unene wake ni kama haupo. Ukiweza kutandaza gramu moja ya grafini na kuhesabu pande zake zote mbili, inazidi nusu ekari. Fikiria vitu vingapi vinaweza kunata hapo.

Kwa kazi ya kwenye maji, wataalamu hutumia zaidi grafini iliyowekewa oksijeni, iitwayo oksaidi ya grafini, kwa sababu inachanganyika na maji vizuri.

Kwa nini DNA inanata

Herufi za DNA zina umbo bapa, kama sarafu. Grafini nayo ni bapa. Vitu viwili bapa vikilaliana vinagusana sehemu kubwa na kushikana, kama sahani mbili zilizolowa maji. Kila herufi inashika kidogo, lakini uzi una herufi nyingi, na nguvu hizo ndogo zikijumlishwa zinakuwa kubwa. Ni kama kishona nguo: mbegu moja unaipukuta, lakini ukitoka shambani suruali imejaa, unakaa chini.

Lakini kuna kikwazo. Uti wa DNA una chaji hasi, na oksaidi ya grafini nayo ina chaji hasi. Vinasukumana, kama sumaku mbili ukizielekezea ncha zinazofanana. Ndiyo maana kwenye maji matupu DNA hainati vizuri. Inatakiwa chumvi. Chembe za chumvi zenye chaji chanya zinakaa katikati kama wapatanishi, zinapunguza ule msukumano, na DNA inasogea na kunata. Maji yakiwa na uchachu kidogo, inanata zaidi. Nyuzi fupi hunata haraka kuliko ndefu.

Kwa nini inaachia

Sasa sikiliza hapa, maana kipimo chote kinasimama juu ya jambo hili. Uzi mmoja wa DNA una herufi zilizo wazi, zinazoweza kulalia karatasi. Lakini nyuzi mbili zikishikana kama zipu, herufi zinageukia ndani, zinafichika. Nje inabaki ile sehemu yenye chaji hasi, inayosukumwa na karatasi. Kwa hiyo uzi mmoja unanata kwa nguvu, na nyuzi mbili zilizoshikana zinanata kwa unyonge na kuachia.

Mwaka 2009 wanasayansi wa China waliitumia tofauti hiyo kutengeneza kipimo. Walichukua uzi mfupi wa kutafutia wakaufunga rangi inayong'aa ukiimulika. Uzi huo ukinata kwenye oksaidi ya grafini, karatasi inaumeza mwanga wote: giza. Ukiweka sampuli yenye DNA inayolingana nao, nyuzi mbili zinashikana, zinaachia karatasi, zinaelea majini, na rangi inang'aa tena. Giza maana yake sijampata. Mwanga maana yake nimempata.

Mwaka 2013 watafiti wa Singapore walionesha kwamba karatasi nyembamba ya aina nyingine, iliyotengenezwa kwa molibdeni na salfa, inaweza kufanya kazi kama hiyo. Tangu hapo karatasi za namna hii zimejaribiwa kwa virusi, vimelea na magonjwa mengi.

Taa inapowaka kwa kosa

Kama ni rahisi hivyo, mbona afisa ugani hana kipimo hicho mfukoni?

Kwa sababu kuna zaidi ya njia moja ya kuifanya DNA iachie. Mwenzi wake akija, inaachia. Lakini joto likipanda, inaachia pia. Maji yakipoteza uchachu, inaachia. Na protini nyingi zikiingia, zinaigombea ile nafasi kwenye karatasi na kuisukuma DNA nje, kama abiria wanaosukumana kwenye mlango wa basi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walichapisha mwaka 2011 vipimo vya kina kuhusu mambo haya ya kunata na kuachia, na kazi hiyo inaendelea.

Sasa weka hilo kwenye utomvu wa muhogo. Utomvu una protini. Jua la mchana shambani si joto la maabara. Uzi wa kutafutia unaweza kuachia bila kumpata kirusi, na taa ikawaka. Mkulima anaambiwa pingili zake zina ugonjwa, anazichoma moto, kumbe zilikuwa nzima. Kwa upande mwingine, chumvi ikizidi, uzi unaweza kung'ang'ania karatasi hata mwenzi wake anapokuja, na taa isiwake. Mkulima anaambiwa pingili ni salama, anapanda ugonjwa.

Makosa yote mawili yanalipwa na mkulima, si na mtafiti. Ndiyo maana kipimo kinachofanya kazi kwenye maji safi ya maabara hakijawa kipimo cha shambani mpaka kithibitishwe kwenye utomvu halisi, kwenye joto halisi, kwa sampuli nyingi. Wapo wanaoifunga DNA kwenye karatasi kwa kifungo cha kemikali ili isisukumwe na chochote isipokuwa mwenzi wake, na wapo wanaosafisha utomvu kwanza. Hapo ndipo mapambano yalipo sasa.

Wakati tunasubiri, fanya haya

Kwanza, chagua mbegu mmea ukiwa na majani. Kiangazi majani yakishapukutika huwezi kuona kitu. Mvua zikielekea mwisho, pita shambani ukiwa na vipande vya kitambaa, ufunge kwenye mashina yasiyo na dalili. Angalia mpaka majani ya chini kabisa, maana michirizi kahawia huanzia huko.

Pili, ukivuna, kata mihogo ya shina lile kabla hujachukua pingili zake. Ukiona baka la kahawia hata moja, shina hilo lisitoe mbegu.

Tatu, mmea unaoonesha batobato ukiwa mdogo, ung'oe mapema kabla haujawa chanzo cha ugonjwa kwa shamba zima.

Nne, kama una simujanja, ipo programu iitwayo Nuru inayotumia kamera ya simu kutambua magonjwa ya muhogo kwenye majani. Inazungumza Kiswahili na inaweza kufanya kazi bila intaneti. Ila kumbuka: Nuru inaona kilichopo juu ya jani, haioni kilichojificha ndani ya shina.

Tano, pingili za kuanzia shamba jipya tafuta kwa wazalishaji wa mbegu wanaokaguliwa na Taasisi ya Udhibiti wa Ubora wa Mbegu, TOSCI, na muulize afisa ugani aina zinazovumilia magonjwa yote mawili. Aina inayovumilia batobato si lazima ivumilie michirizi kahawia.

Na siku mtu akija kijijini na kifaa akisema "hiki kinapima DNA ya muhogo hapa hapa", usimfukuze, lakini usimpe hela kabla hajajibu maswali matatu. Kinapima batobato, michirizi kahawia, au vyote? Kimejaribiwa kwenye utomvu wa muhogo shambani, au maabara tu? Na kati ya pingili mia nzima, ni ngapi kitaziita gonjwa kwa makosa?

Akijua anachouza, atakujibu. Akibabaika, mwache aende na kifaa chake, wewe rudi kwenye shamba lako na vile vipande vya kitambaa.